Dawa za VVU wakati wa ujauzito: mwongozo kamili, kuanzia kipimo cha kwanza hadi mtoto anapotimiza miezi 18

Mara nyingi swali lenyewe huja mwishoni, mama akiwa ameshaaga na kushika kitasa cha mlango: "Samahani nesi, hizi dawa kweli hazimdhuru mtoto tumboni?" Ni swali la haki kabisa. Tangu mimba inapoingia, mwanamke huonywa asiguse dawa ovyo. Kisha anapimwa, anakutwa na VVU, anakabidhiwa chupa ya vidonge na kuambiwa ameze kila siku, maisha yake yote. Asiposhtuka yeye, ashtuke nani?

Nitalijibu swali hilo kwanza, kisha tutapita hatua moja baada ya nyingine. Nimefuata zaidi utaratibu wa kliniki za Tanzania na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Aliyeko Kenya au ughaibuni atakuta utofauti wa hapa na pale, na neno la mwisho kuhusu dozi yako ni la daktari au nesi aliyeshika faili lako.

Hofu ya dawa ilitoka wapi

Mama asipotumia dawa kabisa, kati ya watoto 100, wanaoambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya ni 15 hadi 45. Mwaka 1994 utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulionyesha kuwa dawa moja tu, zidovudine (AZT), iliteremsha maambukizi kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Baadaye zikaja dawa tatu kwa pamoja, na hesabu ikabadilika kabisa. Ufaransa walifuatilia watoto 2,651 ambao mama zao walianza dawa kabla ya kushika mimba, hawakuacha, na walijifungua virusi vikiwa chini ya nakala 50 kwa kila mililita ya damu. Hakuna hata mtoto mmoja kati yao aliyezaliwa na maambukizi. Watoto hao hawakunyonyeshwa, na suala la maziwa tutalifikia.

Upande wa madhara, stori inayozunguka zaidi mitaani inahusu dolutegravir, dawa iliyomo ndani ya kidonge cha TLD kinachotolewa karibu kila kliniki sasa. Stori hiyo ina mzizi wa kweli. Botswana, kuanzia mwaka 2014, utafiti uitwao Tsepamo ulikuwa ukirekodi hali ya watoto wanaozaliwa hospitalini. Mei 2018 watafiti walitangaza kwamba kati ya wanawake 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegravir, 4 walipata watoto wenye kasoro za aina ya mgongo wazi. Hiyo ni karibu mtoto 1 kwa kila 100, wakati kawaida huwa karibu 1 kwa kila 1,000. Nchi kadhaa zikawazuia wanawake wa umri wa kuzaa wasipewe dawa hiyo. Wanawake wanaoishi na VVU hawakukaa kimya: Julai 2018 walikutana Kigali na kudai wapewe taarifa na kuachiwa uamuzi wao wenyewe. Naona walikuwa sahihi, kwa sababu dawa waliyokuwa wakirudishiwa ilikuwa inafubaza virusi polepole zaidi.

Hesabu ikaendelea. Kadiri wanawake walivyoongezeka kwenye utafiti, tofauti ile ikawa inayeyuka. Julai 2019 WHO ikapendekeza dolutegravir kwa watu wote, wajawazito wakiwemo. Kufikia 2022 Tsepamo ilikuwa na watoto 9,460 ambao mama zao walishika mimba wakiwa kwenye dolutegravir. Waliokuwa na kasoro hiyo ni 10, sawa na asilimia 0.11, kiwango kilekile cha wanawake wenye VVU waliotumia dawa nyingine. Kwa hiyo shangazi akikwambia "hizo dawa zinaleta mgongo wazi", hajaitunga. Habari yake imeishia 2018.

Upo pia usajili wa kimataifa wa wajawazito wanaotumia ARV, unaoendeshwa tangu 1989. Kwa dawa zinazotumika sana, watoto wenye kasoro za kuzaliwa ni takriban 3 kwa kila 100, sawa na watoto wa wanawake wengine wote. Kinachomhatarisha mtoto ni virusi vinavyozaliana mama anapokatisha dawa.

Hatua ya 1: Pima mapema, na usiache dawa ulizozianza

Hudhurio la kwanza kliniki unapimwa VVU, kaswende na homa ya ini B. Nenda mapema, usingoje tumbo lionekane. Ukikutwa na VVU, dawa huanzishwa siku hiyohiyo au ndani ya siku chache. Huhitaji kusubiri majibu ya CD4, yaani hesabu ya seli za kinga. Kinachoweza kuchelewesha kidogo ni dalili za kifua kikuu (kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, kupungua uzito) au maumivu makali ya kichwa yasiyokatika. Hayo yaseme kabla hujapewa chupa.

Ukikutwa huna VVU, rudia kipimo miezi mitatu ya mwisho na tena wakati wa kunyonyesha. Wengi huona usumbufu. Lakini mama anayeambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha huwa na virusi vingi mno wiki za mwanzo, na hapo ndipo watoto wengi huponyoka kwenye wavu. Kama mwenza wako ana VVU na wewe huna, ulizia PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe, ambayo mjamzito na anayenyonyesha wanaruhusiwa kuitumia.

Sasa wewe uliyekuwa kwenye dawa tangu zamani, ukaona siku zimepita na kipimo cha mkojo kimesema ndiyo: usiache hata siku moja. Wapo wanaoacha "mpaka nimuone daktari", na daktari anaonekana baada ya wiki tatu. Endelea kumeza, na nenda kliniki wiki hiyohiyo. Hata kama dawa yako itabadilishwa, itabadilishwa bila pengo. Mliopo Ulaya au Marekani, angalieni lebo. Kama kwenye majina kuna cobicistat, mpigie daktari mapema, maana kiwango cha dawa hizo hushuka damuni kuanzia miezi mitatu ya kati, na kwa kawaida mjamzito huhamishiwa dawa nyingine.

Hatua ya 2: Kijue kidonge chako

TLD ni dawa tatu ndani ya kidonge kimoja: tenofovir miligramu 300, lamivudine miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Kidonge kimoja kwa siku, na chakula au bila chakula.

Kero zake nyingi ni za wiki za mwanzo: kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kuruka. Usingizi ukisumbua, hamishia dawa asubuhi. Baadhi ya wanawake huongezeka uzito. Tenofovir hufuatiliwa kwenye figo, ndiyo maana unachukuliwa damu ya kreatinini. Majibu yake yanaweza kupanda kidogo kwa sababu ya dolutegravir bila figo kuwa na tatizo, kwa hiyo usitaharuki kabla daktari hajayasoma. Na kama una homa ya ini B, tenofovir na lamivudine zinakutibu hiyo pia. Ukiziacha ghafla ini linaweza kuwaka vibaya.

Kabla hujaondoka dirishani, taja kila kitu kingine unachomeza. Mambo manne yasipite:

Dawa za kifua kikuu zenye rifampicin hupunguza dolutegravir mwilini. Utaongezewa kidonge cha dolutegravir peke yake, masaa 12 baada ya TLD.

Dawa za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital nazo huipunguza. Usiziache mwenyewe, mwache daktari apange.

Metformin ya kisukari hupanda damuni ukiwa kwenye dolutegravir. Dozi yake isizidi miligramu 1,000 kwa siku.

Kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita Septrin, haichanganywi na SP ya kuzuia malaria. Kama unameza Septrin kila siku, yenyewe inakukinga na malaria. Ukifika meza ya SP, sema: "Mimi niko kwenye Septrin." Kliniki ikiwa na foleni ndefu jambo hili hupita, na dawa zote mbili ni za kundi la salfa. Chandarua kiendelee kama kawaida.

Hatua ya 3: Panga saa, hasa kwa sababu ya vidonge vya damu

Hapa ndipo pa kukaa, kwa maana ndipo dawa nzuri inapoharibika bila mtu kujua. Kila mjamzito hupewa vidonge vya kuongeza damu, FEFO, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Madini ya chuma hukutana na dolutegravir tumboni na kuishika, ikashindwa kuingia vizuri kwenye damu. Madini ya kalsiamu hufanya vivyo hivyo. Mama anameza kila siku bila kukosa, lakini virusi havishuki, na anaonekana mzembe.

Dawa zote mbili unazihitaji. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kumeza TLD na kidonge cha damu kwa pamoja, ukiwa unakula mlo kamili. Chakula kinapunguza ule mvutano. Ninaposema mlo namaanisha ugali na mboga, wali, ndizi au viazi. Chai ya rangi na nusu andazi siihesabu.

Ya pili ni kuvitenganisha: TLD imezwe angalau masaa 2 kabla ya kidonge cha damu, au masaa 6 baada yake. Anayemeza TLD saa 1 asubuhi anaweza kumeza FEFO kuanzia saa 3 asubuhi, na mchana baada ya chakula ndiyo rahisi kukumbuka. Anayemeza TLD saa 3 usiku, kidonge cha damu kisivuke saa 9 alasiri. Kwangu mimi ratiba ya asubuhi ndiyo nyepesi kuliko zote, ila kwa mwenye kichefuchefu cha asubuhi haitafaa. Huyo achukue ya usiku.

Vidonge vya kiungulia vile vya kutafuna, vyenye magnesiamu au aluminiamu, ni wakorofi zaidi. Hata chakula hakisaidii. Fuata tu ile kanuni: TLD imezwe masaa 2 kabla yake, au 6 baada yake. Mjamzito wa miezi minane mwenye kiungulia anaweza kutafuna vidonge hivyo siku nzima kama karanga, kwa hiyo mwambie nesi akutafutie njia nyingine.

Kuhusu udongo, yaani pemba, sitakuhubiria, hamu yake ina nguvu. Lakini udongo huo unaweza kuwa na minyoo na madini ya risasi, na kuutamani sana mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua. Omba upimwe damu.

Mitishamba ya kuharakisha uchungu iache kabisa. Baadhi hukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu isiyopimika, na hiyo ni hatari kwa mjamzito yeyote, mwenye VVU au asiye nayo.

Hatua ya 4: Ukitapika, ukisahau, ukiwa unaficha

Ukitapika ndani ya saa moja hivi baada ya kumeza, au ukakiona kidonge kwenye matapishi, rudia. Ikishapita zaidi ya hapo, acha, meza kesho kwa saa yako. Kama unatapika kila siku usivumilie kimya. Dawa za kuzuia kutapika zinazofaa kwa wajawazito zipo.

Ukisahau, meza mara utakapokumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imebaki chini ya masaa 4, ruka hiyo uliyoisahau. Usimeze vidonge viwili kufidia.

Kwenye kuficha kuna mengi kuliko vitabu vinavyokubali. Chupa ya vidonge 90 inalia kama kayamba ndani ya mkoba, na mama anayeishi ukweni anajua kila mtu aliyeko sebuleni ameisikia. Basi anavihamishia kwenye bahasha ya karatasi au pembe ya khanga. TLD haipendi unyevu. Iache kwenye chupa yake pamoja na kile kifuko kidogo cha kukausha, funga kizibo, kisha izungushie nguo chupa yenyewe. Za siku mbili tatu za safari unaweza kuzibeba kwenye kichupa kikavu chenye kizibo.

Kumwambia mwenza husaidia sana, kwa sababu dawa ya kujificha ndiyo inayokosekana. Lakini saa ya kumwambia uichague wewe. Kama unahofia kipigo au kufukuzwa, anza na mshauri wa kliniki. Anaweza kuwaita mpime pamoja kama wanandoa, na hapo habari ikatoka mdomoni mwa mhudumu. Sheria ya VVU na UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka mhudumu kutunza siri ya majibu yako.

Hatua ya 5: Dai kipimo cha wingi wa virusi

Nasema dai kwa makusudi. Kipimo hiki ndicho pekee kinachokuambia kama kazi yote hiyo inazaa matunda. Kama ulikuwa kwenye dawa kabla ya mimba, damu ichukuliwe hudhurio la kwanza. Kama umeanzia kwenye mimba hii, ni baada ya miezi 3. Wote wawili wanahitaji kingine kwenye wiki ya 34 hadi 36, ili majibu yatoke kabla ya uchungu. Mama anayenyonyesha hurudia kila miezi 6.

Chini ya nakala 50 kwa mililita ndiyo lengo. Zikiwa juu ya 1,000, mambo mawili hufanyika haraka: unapewa ushauri wa karibu kuhusu umezaji (na hapo ndipo lile suala la FEFO hugundulika), na mtoto anaandikwa kwenye kundi la hatari kubwa, lenye dawa za ziada. Mjamzito hana muda wa kusubiri majibu yaliyokwama maabara. Yakichelewa, ulizia kila unapokwenda.

Uzuri wa dolutegravir unaonekana hapa. Kwenye utafiti mmoja wa Uganda na Afrika Kusini, wanawake walioanza dawa wakiwa wameshaingia miezi mitatu ya mwisho walilinganishwa na wenzao waliopewa efavirenz, dawa ya zamani zaidi. Kufikia kujifungua, walioshuka chini ya 50 walikuwa asilimia 74 dhidi ya 43. Kwa hiyo hata aliyegundulika wiki ya 32 hajachelewa.

Hatua ya 6: Kujifungua

Jifungulie kituoni. Beba kadi ya kliniki, kadi ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU), na chupa ya dawa. Uchungu hausimamishi dozi: saa ikifika, unameza na maji kidogo.

Kuwa na VVU peke yake hakumaanishi upasuaji. Ukiwa umefubaza virusi unajifungua kawaida. Upasuaji wa kupangwa, kwenye wiki ya 38 hivi, hufikiriwa virusi vinapokuwa juu ya 1,000 na hospitali ina uwezo. Mkunga naye huepuka kupasua chupa ya uzazi mapema bila sababu.

Wengi wetu tuna desturi ya kwenda kujifungulia kwa mama, hasa mimba ya kwanza. Ukiondoka Dar es Salaam mwezi wa nane kwenda Songea, ukirudi mtoto ana miezi mitatu, hapo katikati kuna dawa ya mama, dawa ya mtoto na kipimo cha kwanza, vyote vikiwa safarini. Wiki mbili kabla ya kuondoka omba barua ya uhamisho, ulizia kituo cha karibu na nyumbani kwenu chenye huduma hii, na chukua dawa za miezi kadhaa. Ukiona kituo cha kijijini kwenu kina macho mengi ya kukujua, chagua cha wilayani. Nauli ya bodaboda ni nafuu kuliko kukosa dawa.

Hatua ya 7: Dawa ya mtoto, tone kwa tone

Mtoto huanza nevirapine ya maji mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya masaa 6 hadi 12 tangu azaliwe, na isivuke masaa 72. Umejifungulia njiani au nyumbani? Mpeleke siku hiyohiyo.

Kwa kipimo cha WHO, mtoto aliyezaliwa na kilo 2.5 au zaidi hupewa miligramu 15 mara moja kwa siku. Dawa ina miligramu 10 kwa kila mililita, kwa hiyo ni mililita 1.5. Wa kilo 2 hadi chini ya 2.5 hupewa mililita 1. Aliye chini ya kilo 2 hukokotolewa dozi kwa uzito wake.

Kijiko cha chai hakitumiki. Kinabeba mililita 5, zaidi ya mara tatu ya dozi. Tumia bomba la kupimia lisilo na sindano, na usiondoke wodini kabla hujavuta dozi wewe mwenyewe nesi akikuangalia. Mwombe aweke alama ya kalamu kwenye mstari wa mililita 1.5, maana saa 9 usiku kwa mwanga wa simu mistari ile yote hufanana. Tikisa chupa taratibu, vuta, gonga bomba ili mapovu yapande, yasukume nje, kisha hakiki tena alama. Mtoto awe ameinua kichwa kidogo. Ncha ya bomba iingie pembeni, kati ya shavu na ufizi, na dawa isukumwe kidogokidogo ili asipaliwe. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Osha bomba kwa maji safi ya moto na sabuni, lianike.

Muda wake ni wiki 6 kwa mtoto ambaye mama yake amefubaza virusi. Mtoto wa hatari kubwa ni yule ambaye mama yake amekaa kwenye dawa chini ya wiki 4 kabla ya kujifungua, au ana virusi zaidi ya 1,000, au ameambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha. Huyo hupewa nevirapine na zidovudine pamoja, na muda unafika wiki 12. Zidovudine ni mara mbili kwa siku. Kenya utaratibu ni mrefu zaidi: dawa mbili kwa wiki 6, kisha nevirapine inaendelea hadi wiki 6 baada ya mtoto kuacha kunyonya kabisa. Kwa hiyo aliyevuka mpaka wa Namanga au Holili asishangae kuona maelekezo tofauti. Afuate ya kituo anachohudhuria sasa, na aonyeshe kadi ya kule alikotoka.

Zidovudine inaweza kupunguza damu ya mtoto, nevirapine mara chache huleta upele au shida ya ini. Mtoto akipauka viganja, akiwa wa njano machoni, akitoka upele wenye malengelenge au akakataa kunyonya, nenda kituoni saa hiyohiyo na chupa ya dawa mkononi.

Chanjo zote anapata, BCG ikiwemo. Mama mkwe akiuliza ile dawa ni ya nini, "amepewa kliniki ya kumkinga" ni jibu la kweli, na linatosha.

Hatua ya 8: Kunyonyesha

Nyonyesha. Kwa mazingira yetu, maziwa ya kopo kwa maji yasiyo na uhakika huua watoto kwa kuharisha na nimonia, na mama anayemeza dawa vizuri ana hatari ndogo sana ya kumwambukiza. Utafiti mkubwa wa PROMISE, uliohusisha pia wanawake wa Tanzania na Uganda, ulikuta maambukizi ya kunyonya ni asilimia 0.3 kufikia miezi 6 na 0.6 kufikia miezi 12. Ni ndogo, ila si sifuri, ndiyo maana dozi za kipindi hiki zina uzito uleule wa zile za mimba. Na hapa ndipo wengi huteleza: tumbo limeshuka, mtoto yuko salama nje, uchovu umezidi, dawa zinaanza kurukwa.

Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama pekee. Maji, uji mwepesi na dawa za chango za dukani vyote vingoje. Dawa zilizoandikwa na kliniki hazihesabiwi kama chakula. Ikitokea bibi amempa maji, hiyo si sababu ya kumwachisha ziwa, endelea kunyonyesha na kumeza. Baada ya miezi 6 ongeza vyakula, na kunyonya kuendelee mpaka mwaka mmoja au hata miwili. Siku ya kuacha ikifika, punguza taratibu kwa muda wa mwezi mmoja, usikate ghafla.

Titi likivimba, likauma na kuwa na joto, au chuchu ikichubuka na kutoa damu, nenda kituoni upate tiba. Wakati huo nyonyesha upande ulio mzima, na ule mgonjwa ukamue na kumwaga ili lisijae. Mtoto akiwa na utando mweupe mdomoni, mtibu upesi. Nchi tajiri zilikataza kunyonyesha kwa miaka mingi. Siku hizi, Marekani ikiwemo, madaktari huwa tayari kumsaidia mama anayetaka kunyonyesha akiwa amefubaza virusi. Uliye huko anza mazungumzo hayo kabla ya kujifungua.

Hatua ya 9: Vipimo vya mtoto hadi mwisho

Kipimo cha kwanza ni wiki ya 4 hadi 6: matone ya damu ya kisigino hukaushwa kwenye karatasi maalumu (DBS) na kupelekwa maabara kutafutwa virusi vyenyewe. Siku hizo pia mtoto huanza kotrimoksazoli ya kumkinga, anayoendelea nayo mpaka ithibitike hana VVU na hanyonyi tena. Kipimo cha pili ni miezi 9. Kipimo cha haraka kile cha watu wazima usikitegemee kwa mtoto mdogo, kwani kinasoma kingamwili, na za mama hubaki kwa mtoto kwa miezi mingi. Wapo akina mama waliolia bure kwa majibu ya namna hiyo.

Ikitokea DBS imesoma kuna virusi, dawa huanza siku hiyo wakati kipimo cha kuthibitisha kinachukuliwa. Watoto wenye VVU wasiotibiwa, karibu theluthi hufariki kabla ya mwaka mmoja, na nusu kabla ya miaka miwili. Wakitibiwa mapema wanakua, wanasoma, wanasumbua kama wengine. Dolutegravir ya watoto, kidonge cha kuyeyusha kwenye maji, hutolewa kuanzia umri wa wiki 4 na uzito wa kilo 3.

Kipimo cha mwisho ni miezi 18, au miezi 3 baada ya kuacha kunyonya, kile kitakachokuja baadaye. Mtoto anayenyonya hadi miaka miwili hapimwi cha mwisho kwenye miezi 18 akafungiwa faili. Arudi tena.

Mtoto akishafungiwa faili, lako linahamishwa kutoka kliniki ya mama na mtoto kwenda CTC ya kawaida. Hakikisha unapewa tarehe ya kwanza ya huko kabla hujaondoka, na dawa za kukufikisha hiyo tarehe. Ukipanga mtoto mwingine, TLD yako inaendelea kama ilivyo. Pima wingi wa virusi kwanza, na uanze asidi ya foliki kabla ya mimba kuingia.